Kitoto cha tarantula kimegoma kula: tukipe mdudu gani?

"Mtaalamu, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Leicester, Uingereza. Kijana wangu wa miaka 14 alidunduliza hela zake akanunua kitoto cha tarantula wa Meksiko, yule wa magoti mekundu. Kwenye kopo kimeandikwa Brachypelma hamorii. Miguu ikinyooka ni kama sentimita moja na nusu tu. Dukani walimuuzia pia boksi la nyenje weusi na unga wa kalsiamu wa kuwanyunyizia. Tulitia nyenje wawili ndani. Leo siku ya tisa: kitoto kimejichimbia chini na kuziba mlango, nyenje ndio wanaotamba juu. Mwanangu hana raha, anasema kitakufa njaa. Mdogo wangu aliyeko Tanga anashauri tukipe sisimizi au nzi, shemeji anasema mende wa jikoni wanatosha. Nimesoma pia kwamba yale mabuu ya unga yakiliwa mazima hutoboa tumbo la buibui yakatokea nje. Mende siwataki nyumbani kwangu, na nyenje wakitoroka paka wetu anawafukuza usiku kucha hatulali. Kipewe mdudu gani, wa ukubwa gani, na mara ngapi?"

Mama, kabla hujaendelea kusoma, kawatoe wale nyenje wawili. Mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho, hilo lisingoje. Fungua kopo ndani ya beseni kubwa au ndani ya bafu la kuogea, ili mmoja akiruka asipotelee chini ya kochi, kisha mkamate kwa kibano. Kama wamejificha, weka jioni kipande kidogo cha karoti juu ya udongo; taa zikizimwa watakuja wenyewe kukila, na huko kutafuna karoti kutawazuia kutafuna kitu kingine. Udongo usiuchimbe kumtafuta buibui. Shimo lake mwachie.

Haraka hii ina sababu. Nyenje hali majani tu, anakula kila anachokipata, na akibanwa na kiu hutafuta chochote chenye majimaji. Kitoto kilichojifungia kama chenu, mara nyingi, kinajiandaa kujivua gamba. Kikishalivua, mwili mzima huwa laini, pamoja na meno ya sumu yenyewe. Hakiwezi kuuma wala kukimbia. Nyenje akikikuta hivyo atakitafuna. Nikiambiwa kitoto kimekufa "wakati wa kujivua", swali langu la kwanza huwa moja: kulikuwa na nyenje ndani ya kopo?

Sasa nije kwenye hofu ya kijana, kwamba kitakufa njaa. Siku tisa kwa tarantula si chochote. Huyu si ndege wala panya ambaye lazima ale kila siku ili mwili wake ubaki na joto. Ni mnyama wa kukaa na kungoja. Nguvu nyingi hatumii, na akiba yake huiweka tumboni. Kitoto cha ukubwa huo chenye tumbo lililojaa kinaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na kisidhurike. Wakubwa wao hukaa miezi, na watu wanaofuga tarantula wa Amerika ya Kusini wa jenasi ya Grammostola wana visa vya buibui waliogoma kula kwa zaidi ya mwaka mzima kisha wakarudia kula bila tatizo lolote.

Kama kopo ni la plastiki inayoonyesha ndani, chunguza pembeni bila kulitikisa. Mara nyingi vitoto huchimba vikifuata ukuta wa kopo, kwa hiyo unaweza kukiona. Angalia tumbo. Likiwa limevimba, linang'aa na limeanza kuwa jeusi kuliko zamani, gamba jipya limeshaanza kuota chini ya lile la zamani, na kugoma kula ndiyo kawaida yake. Kinachoua vitoto haraka ni kiu, maana gamba lao ni jembamba na maji hupotea upesi. Upande mmoja wa udongo uwe na unyevu daima: dondoshea maji kidogo ukutani yateremke hadi chini, upande wa pili ubaki mkavu. Porini buibui huyu anatoka kwenye misitu mikavu ya pwani ya Pasifiki ya Meksiko, huko Jalisco na Colima, na wauzaji wengi husoma neno "mikavu" wakakausha kopo zima. Lakini mtoto wake kule haishi juu juani, anaishi ndani ya shimo ambamo unyevu hautoki.

Yale mabuu yanayotoboa tumbo ni hadithi tu. Nataka kueleza kwa nini haiwezekani, kwa sababu ukielewa jinsi buibui anavyokula, nusu ya maswali yako yatajijibu.

Tarantula hamezi mdudu. Hawezi. Mdomo wake ni tundu dogo lililozungukwa na nywele za kuchuja, na linapitisha majimaji tu. Akishamkamata mdudu, humchoma kwa meno ya sumu, humsagasaga, na papo hapo humwagia maji ya kuyeyushia chakula kutoka tumboni mwake. Nyama ya mdudu inayeyuka huko huko nje, kisha buibui huinyonya kwa tumbo maalumu linalofanya kazi ya pampu. Anamkamua kama mtu anavyokamua nazi kwenye kifumbu: tui linaingia, chicha inabaki nje. Ukisafisha kopo siku moja baada ya mlo utakikuta kidonge kidogo cheusi cha maganda, miguu na mabawa, hiyo ndiyo chicha yenyewe. Hakuna buu zima linaloingia tumboni, kwa hiyo hakuna buu la kutoboa na kutokea. Hadithi hiyo nadhani ilitokana na buu aliyewekwa hai, akajichimbia udongoni, akakutana na buibui aliyetoka kujivua, akamng'ata kwa nje. Huo ndio ukweli wa jambo, na hatari yake ni ileile ya nyenje wako.

Katika kula huku kwa kuyeyusha kuna habari njema kwenu. Mnyama anayeyeyusha chakula nje ya mwili hahitaji chakula kinachotoshea mdomoni, wala hahitaji chakula kinachotembea. Kitoto cha tarantula ni mwindaji, lakini akikuta mzoga mbichi hauachi. Macho yake manane hayamsaidii sana. Anaishi kwa kuhisi mtikisiko wa ardhi kwa nywele za miguuni, na miguu hiyohiyo inaonja. Akitoka usiku akakanyaga paja la mdudu lililopondwa, atalitambua na kulila. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kitoto cha sentimita moja na nusu ni huu: muueni mdudu kwanza, ndipo mkipe. Hapatakuwa na wa kukitafuna kikiwa laini, hapatakuwa na mdudu wa kupotelea udongoni, wala paka hatakuwa na wa kumkimbiza.

Boksi la nyenje weusi mlilouziwa si hasara. Yaelekea ni Gryllus bimaculatus, ambaye akikomaa hufika sentimita mbili na nusu hadi tatu. Hebu linganisha na kitoto chenu: mwili wake bila miguu haufiki sentimita moja. Duka lilimuuzia kijana mdudu mkubwa kuliko mlaji, mwenye taya kali kuliko za nyenje wengi wanaouzwa, tena aliye hai. Sielewi kwa nini jambo hili bado linatokea. Lakini nyenje huyo ana mapaja mawili ya nyuma yaliyojaa nyama, na paja moja ni mlo kamili wa kitoto cha umri huo. Watieni nyenje wote kwenye friza wakiwa ndani ya boksi dogo. Siku ya kulisha mtoeni mmoja, mwacheni ayeyuke kabisa mpaka asiwe na ubaridi, mkate paja, libinyeni kidogo kwa kibano ili majimaji yatoke, kisha liwekeni karibu na mlango wa shimo jioni. Asubuhi, likiwa halijaguswa, litoeni. Nyama iliyolala kwenye udongo wenye unyevu huota ukungu na kuleta utitiri. Nyenje wa friza anafaa kwa wiki kadhaa. Akianza kukauka na kusinyaa, mtupeni, kwa sababu sehemu kubwa ya maji anayopata buibui hutoka kwenye mdudu mwenyewe. Kwa sababu hiyo pia msinunue mabuu yaliyokaushwa ya kwenye pakiti, yale ya kulishia ndege wa bustanini. Yameshapoteza kile ambacho buibui anakihitaji.

Kijana atasema: lakini mimi nilimnunua nimwone akiwinda! Namwelewa, na hajakosea. Ataona. Kikijivua mara mbili tatu na kufika sentimita tatu au nne miguu ikinyooka, mwanzeni kumpa mdudu hai, kwa kipimo hiki: urefu wa mdudu usizidi urefu wa mwili wa buibui, miguu isihesabiwe. Kama anaonekana mwoga, anarudi nyuma na kuinua miguu ya mbele mdudu anapomkaribia, punguzeni hadi urefu wa tumbo lake tu. Mdudu mkubwa hamharakishi kukua. Mdudu akipiga mateke ya nguvu, buibui mdogo hukimbilia shimoni, na inaweza kupita wiki kabla hajatoka tena.

Ni mdudu gani basi? Nitakwambia kwa uwazi: aina si jambo kubwa kama maduka yanavyofanya. Chaguo la kawaida ni nyenje, na kwa vitoto nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, ni mzuri kwa kuwa hupatikana akiwa ametoka tu kuanguliwa, milimita mbili au tatu, na taya zake si kali kama za yule mweusi. Wakati mwingine utamkosa madukani. Kuna virusi vinavyomuua yeye na havimdhuru buibui. Mwaka 2009 na 2010 viliangamiza mashamba mengi ya nyenje Amerika Kaskazini, na tangu hapo wafugaji wengi walihamia aina nyingine, hasa Gryllodes sigillatus mwenye mistari mgongoni. Huyo naye anafaa, ila ana mbio na anaruka ovyo. Kuhusu kelele: anayelia ni dume aliyekomaa tu. Nunua wadogo na usiku utakuwa kimya.

Mabuu ya unga ni mabuu ya mbawakawa aitwaye Tenebrio molitor. Kwa mama asiyetaka wadudu wanaoruka nyumbani, haya ndiyo ningependekeza. Hayaruki, hayalii, hayapandi ukuta wa kioo, na kwenye boksi la pumba ndani ya friji, si friza, yanakaa wiki nyingi yakiwa yamezubaa. Kasoro yake moja nimeshaitaja: buu akiachwa hai juu ya udongo anazama mara moja, huko chini anakua na kugeuka mbawakawa, na wewe hujui aliko. Basi mpondeni kichwa kwanza. Kwa kitoto chenu mkateni vipande, kipande cha milimita nne kinatosha. Sura haipendezi, nakubali. Kasoro ya pili ni mafuta. Kwa uzito wa mdudu mbichi, nyenje mkubwa ana takriban asilimia 7 ya mafuta na buu wa unga takriban 13, ilhali protini wanakaribiana, kama asilimia 20 kila mmoja. Kwa kitoto kinachokua tofauti hiyo haina uzito. Kwa buibui mkubwa anayekula na kukaa tu, ina uzito kidogo. Yale mabuu makubwa ya mbawakawa Zophobas yanafika 18 hivi, na yale meupe ya nondo wa nta yanafika 25. Hayo ya mwisho ni ya kumpa aliyekonda baada ya kujivua au kutaga, siyo chakula cha kila wiki.

Mende umesema huwataki, na sitakubishia. Niseme tu kwa haki yao kwamba yule anayeuzwa kwa kulishia, Blaptica dubia wa Amerika ya Kusini, si ndugu wa tabia na wa jikoni kwako. Hapandi kioo, haruki, na hazaliani vizuri bila joto la karibu nyuzi 28 au zaidi, kwa hiyo akitoroka katika nyumba ya Leicester yaelekea atakufa bila kuacha ukoo. Anazaa watoto hai wadogo wanaofaa vitoto vya buibui. Ila ana tabia ya kujifukia na kujifanya amekufa, naye lazima apondwe kichwa. Kuna mwingine mwekundu mwenye mbio, Shelfordella lateralis. Buibui wanampenda sana, lakini huyo hata mimi simshauri mtu anayeogopa mende.

Ungeniuliza kuhusu kitoto kidogo zaidi, cha nusu sentimita, ningekuelekeza kwa nzi wa matunda wasioruka, Drosophila hydei, wa milimita tatu hivi, wanaouzwa ndani ya chupa yenye chakula chao. Kwenu kitoto kimeshavuka hapo. Kuna mdudu mwingine wa saizi hiyo anayeuzwa Ulaya kwa ajili ya vyura wadogo na vitoto vya buibui, na utacheka ukimwona: ni fukusi wa kunde, Callosobruchus maculatus, yuleyule uliyekuwa ukimpeta kwenye ungo kwenu Tanga. Anazaliana ndani ya kunde kavu kwenye chupa iliyofungwa kitambaa, akishakomaa hahitaji kula, na kwenye joto kizazi kipya hutoka kila baada ya mwezi hivi. Ni chakula kizuri kwa wadogo. Lakini kitambaa kikilegea, kunde zako za kabatini ndizo zitakazolipa. Na asitoke kwenye gunia la sokoni, kwa sababu nafaka nyingi za kuhifadhi huwekewa dawa.

Nzige nao wanauzwa, na ni wazuri kwa buibui wakubwa. Mara nyingi ni spishi ileile, Schistocerca gregaria, iliyovamia Kenya mwaka 2020, ila hawa wamelelewa kwa majani safi ndani ya vyumba. Kwa kitoto chenu hata anayetoka kwenye yai ni mkubwa mno, na miguu yake ya nyuma ina miiba. Mngoje miaka.

Sasa nije kwa mdogo wako na shemeji, ambao nia yao ni njema. Nia ni njema ila ushauri si mzuri, na sababu zake hazifanani.

Sisimizi hapana, popote walipo. Wanauma, wengi wao wana asidi, na hawaji peke yao. Kitoto cha buibui kikizungukwa na sisimizi kumi ndicho kinacholiwa. Nzi wa nyumbani kwa mwili wake ni chakula kizuri, na porini buibui wanamla. Shida ni kwamba huyu wa dirishani hujui alikotua. Mende wa jikoni ndiye wa hatari zaidi kati ya hao watatu, kwa sababu ya namna dawa za mende zinavyofanya kazi. Zile za jeli na vidonge zimetengenezwa ziue polepole makusudi, ili mende aliyekula arudi mafichoni, afe huko, na wenzake wakimla au wakila mavi yake nao wafe. Kwa hiyo mende anayetembea vizuri kabisa mbele yako anaweza kuwa ameshabeba dawa ya kutosha kumuua mlaji wake. Na huenda mnaishi kwenye nyumba zilizoshikana. Jirani akipiga dawa huwezi kujua.

Wapo wanaokamata panzi bustanini miaka mingi na buibui wao wazima. Sikatai. Uwezekano wa kupata mdudu mwenye sumu au minyoo siku moja ni mdogo, lakini kitoto chenu ni kidogo kiasi kwamba kosa moja linatosha, na boksi la mabuu ya unga ni rahisi kuliko bei mliyonunulia buibui.

Umemtaja paka kwa kupita tu, mimi ndiye aliyenishtua. Je, anawekewa matone ya viroboto shingoni? Matone mengi yana fipronili au dawa za jamii yake, ambazo kazi yake ni kuua wadudu kwa kiasi kidogo sana, na buibui naye hana kinga nazo. Kijana asimguse paka aliyewekewa dawa kisha akashika chakula cha buibui au akaingiza kidole kwenye kopo. Anawe mikono kwa sabuni, atumie kibano ambacho ni cha buibui tu, na kopo lisikae mahali paka analala. Nyenje aliyetoroka akachezewa na paka asirudishwe ndani. Dawa za mbu za kupuliza na za kuchomeka ukutani nazo zisitumike chumba hicho.

Unga wa kalsiamu urudisheni dukani au mpeni mwenye mjusi. Mjusi ana mifupa, asipopata kalsiamu mifupa inapinda. Buibui hana mfupa hata mmoja. Gamba lake limeundwa kwa kitini (kitu kigumu kilicho pia kwenye maganda ya wadudu) na protini. Unga huo haumsaidii kitu, na vumbi lake kuziba zile nywele za kuchujia mdomoni si jambo ninalolitaka. Kama mnataka kuboresha chakula, boresheni kile anachokula mdudu. Nyenje wa dukani mara nyingi amekaa na njaa. Mkimpa karoti, majani ya sukumawiki yaliyooshwa na pumba kwa siku moja mbili kabla ya kumtia friza, buibui atapata mdudu aliyejaa badala ya ganda.

Mara ngapi? Kitoto cha ukubwa huo kila siku nne hadi saba, paja moja au kipande kimoja. Kikikataa, ondoeni, jaribuni tena baada ya wiki. Kikijifungia, acheni kabisa. Dondosheni maji tu na msubiri kifungue mlango chenyewe. Hakihitaji kubembelezwa. Akifika sentimita tano, kila siku saba hadi kumi. Mkubwa, nyenje mmoja mzima kila baada ya wiki mbili hivi anamtosha, na tumbo lake ndilo la kuangaliwa: likiwa kubwa kidogo kuliko kifua chake yuko sawa, likikaribia kuwa mara mbili ya kifua punguzeni. Tumbo la tarantula ni kama ngozi tu iliyojaa maji, na mnono akianguka hata kutoka kimo cha mkono linaweza kupasuka. Spishi hii hukua polepole, na jike huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Hakuna cha kuharakisha.

Kikishajivua, mtaona gamba tupu limesukumwa nje ya shimo au limebaki chini. Msilishe siku hiyo, hata kikionekana kimesinyaa na kina njaa. Meno ya sumu huanza meupe, yakawa mekundu, ndipo yanakuwa meusi. Mpaka yawe meusi hayajakomaa. Kwa kitoto hiki siku tano hadi saba zinatosha, akiwa mkubwa itakuwa wiki mbili au zaidi. Gamba tupu ukiliweka chini ya kioo cha kukuzia, kijana atayaona meno yenyewe na hata ngozi ya mifuko ya kupumulia, na huenda hilo likamfidia kwa wiki alizongoja.

Kuna hali ambazo mimi huku siwezi kukusaidia na lazima mtu amwone buibui. Ukikuta miguu yote imekunjwa chini ya mwili na tumbo limekunjamana, hiyo mara nyingi ni kiu kali. Kwenye viungo vikuu vya miguu buibui hana misuli ya kunyoosha, huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwili, yakipungua miguu inajikunja yenyewe. Mwekeni mara moja mahali penye unyevu, mdomo ukielekea tone la maji, kisha mtafuteni daktari wa wanyama anayetibu wanyama wasio wa kawaida. Usichanganye hali hiyo na buibui aliyelala chali, miguu imetandazwa: huyo anajivua, usimguse, usimgeuze. Wa kupelekwa kwa daktari ni aliyekwama nusu ya gamba kwa zaidi ya siku moja, anayevuja majimaji, anayetetemeka na kutembea kwa kujikwaa, au mwenye kitu cheupe kinachochezacheza mdomoni, ambacho huweza kuwa minyoo. Nisikudanganye: madaktari wanaojua buibui ni wachache na tiba zao chache. Pigeni simu kwanza kuuliza kama wanawapokea. British Tarantula Society, chama cha wafugaji wa tarantula cha Uingereza, wana wafugaji wazoefu ambao mara nyingi watatambua tatizo vizuri kuliko zahanati ya kawaida ya mbwa na paka.

Kwa upande wenu wanadamu, jambo la kuwahi ni jicho. Kitoto hiki kikikua kitakuwa na nywele za kuwasha juu ya tumbo, na kikikerwa kitazifuta kwa miguu ya nyuma zipeperuke. Huingia hata kwenye gamba tupu na udongo. Kijana asiinamie kopo wakati wa kulisha na asijifute uso kabla ya kunawa. Zikimwingia jichoni, msimsugue. Suuzeni kwa maji safi na mwende hospitali ya macho siku hiyohiyo, na mseme wazi kwamba ni nywele za tarantula, kwa sababu ni nyembamba kiasi kwamba daktari asiyeambiwa anaweza asizitafute.

Na akizoea, atakuja kukuomba yule tarantula wa rangi ya chungwa, Pterinochilus murinus, anayeuzwa huko Ulaya kwa jina la Usambara, milima ya kwenu kabisa. Anakula chakula hikihiki, lakini ana mbio, ana hasira, na akiuma maumivu yake ni makali. Mwambie angoje awe mtu mzima. Na mdogo wako asithubutu kukukamatia mmoja huko Tanga akuletee kwenye begi. Kusafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai.